Kura nyingi, viti vichache: mwongozo kamili wa kupima kama viti vinalingana na kura

Julai 1963, miezi michache kabla ya uhuru, Wazanzibari walipiga kura kuwachagua wawakilishi 31. Afro-Shirazi Party, ASP, ilipata kura 87,085, zaidi ya nusu ya kura zote, ikaambulia viti 13. Zanzibar Nationalist Party, ZNP, au Hizbu kama wengi walivyoiita, ilipata kura 47,950 na viti 12. Zanzibar and Pemba People's Party, ZPPP, ikapata kura 25,609 na viti 6. ZNP na ZPPP walikuwa wameungana, hivyo viti vyao vikawa 18 na serikali ikawa yao, Waziri Mkuu akiwa Mohammed Shamte. Uhuru ulifika tarehe 10 Desemba, na mapinduzi yakafuata tarehe 12 Januari 1964.

Mapinduzi yale yalikuwa na sababu nyingi, na wanahistoria wanazibishania hadi leo. Kinachotuhusu hapa ni hesabu: chama chenye asilimia 54 ya kura kilibaki upinzani, na hakuna kura iliyohitaji kuibiwa ili hilo litokee. Kuibiwa kura ni jambo moja. Kura kuhesabiwa sawasawa, kisha viti vikaenda upande mwingine, ni jambo jingine kabisa, na vipimo vinavyoelezwa hapa vinashika hilo la pili tu. Kama matokeo yenyewe yamepikwa, hesabu hizi zitakupa jibu safi kutokana na namba chafu.

Nitautumia uchaguzi huo wa 1963 kama mfano mkuu, kwa sababu una vyama vitatu tu na unaweza kufuata kila hatua kwa kalamu na karatasi. Ukishauelewa, uchaguzi wenye vyama ishirini ni kuongeza mistari tu.

Hatua ya 1: Kusanya namba zilizo sahihi

Unahitaji vitu viwili kwa kila chama: jumla ya kura halali za ubunge nchi nzima, na idadi ya viti ilivyopata. Neno la kushika hapo ni "za ubunge". Kosa linaloonekana kila baada ya uchaguzi ni kuchukua kura za urais na kuzilinganisha na viti vya bunge. Mtu anaweza kumpa kura mgombea urais wa chama kimoja na mbunge wa chama kingine, na watu hufanya hivyo sana.

Tumia kura halali, wala si idadi ya waliojitokeza. Kura zilizoharibika haziendi kwa chama chochote, na ukiziacha kwenye jumla, asilimia zako hazitafika 100.

Tume za uchaguzi hutangaza matokeo ya urais kwa mbwembwe, ila jumla ya kura za ubunge kwa kila chama kitaifa mara nyingi utakuta haijajumlishwa popote. Itabidi ujumlishe mwenyewe, jimbo kwa jimbo. Kenya, matokeo ya mbunge kwa jimbo zima yamo kwenye Fomu 35B, na majimbo ni 290. Ni kazi ya siku kadhaa, na ni vizuri ifanywe na watu wawili wanaokaguana.

Hatua ya 2: Geuza kila kitu kuwa asilimia

Kwa Zanzibar 1963, jumla ya kura za vyama vitatu ni 160,644. Gawanya kura za kila chama kwa jumla hiyo, zidisha kwa 100. Fanya vivyo hivyo kwa viti, ukigawanya kwa 31. Kisha toa asilimia ya kura kwenye asilimia ya viti.

| Chama | Kura % | Viti % | Tofauti |
|---|---|---|---|
| ASP | 54.21 | 41.94 | −12.27 |
| ZNP | 29.85 | 38.71 | +8.86 |
| ZPPP | 15.94 | 19.35 | +3.41 |

Jumlisha safu ya mwisho. Lazima upate sifuri, au kitu karibu sana na sifuri kwa sababu ya kufupisha desimali. Ukipata 2 au 3, kuna chama umekisahau au kuna namba umeikosea. Rudi nyuma kabla ya kuendelea.

Kwenye Excel, weka kura safu ya B, viti safu ya C, asilimia ya kura safu ya D na asilimia ya viti safu ya E. Tutazihitaji hivyo baadaye.

Hatua ya 3: Kiti kimoja kimegharimu kura ngapi?

Hiki ndicho kipimo kinachoeleweka hata kijiweni. Gawanya kura za chama kwa viti vyake. ASP: kura 6,699 kwa kila kiti. ZPPP: 4,268. ZNP: 3,996. Kwa maneno mengine, ASP ililipa karibu kura saba kwa kila nne za ZNP.

Uingereza, tarehe 4 Julai 2024, hesabu hiyo hiyo ilitoa picha ya kutisha zaidi. Labour kilipata viti 411 kwa zaidi kidogo ya kura 23,600 kila kimoja, huku Reform UK, chenye kura zaidi ya milioni nne na viti 5 tu, kikilipa zaidi ya kura 823,000 kwa kiti.

Uzuri wa kipimo hiki ni wepesi wake. Ubaya ni kwamba kinampendelea mlalamikaji. Daima kuna chama kidogo chenye kiti kimoja na kura nyingi, na chama kisicho na kiti hata kimoja hakiwezi kupimwa kabisa kwa sababu hakuna anayegawanya kwa sifuri. Kitumie kwenye kichwa cha habari, usikitumie kwenye hitimisho.

Hatua ya 4: Pengo la jumla

Sasa tunataka namba moja kwa uchaguzi mzima. Njia ya kwanza ilipendekezwa na Loosemore na Hanby mwaka 1971. Chukua zile tofauti za Hatua ya 2, futa alama za kutoa ili zote ziwe chanya, jumlisha, gawanya kwa mbili.

12.27 + 8.86 + 3.41 = 24.54. Nusu yake ni 12.27.

Tunagawanya kwa mbili kwa sababu kila kiti kilichopungua kwa mmoja kimeongezeka kwa mwingine, na hatutaki kukihesabu mara mbili. Tafsiri yake ni nyepesi: asilimia 12.27 ya viti vilienda kwa wasiostahili kwa kigezo cha kura. Kwa baraza la watu 31, hivyo ni viti karibu vinne.

Wengine hupenda kulitoa pengo hilo kwenye 100 na kusema uchaguzi ulikuwa na uwiano wa asilimia 87.7. Ni hesabu ile ile, ila imepakwa rangi. Namba ya 87.7 inasikika kama mtihani uliofaulu vizuri, ndiyo maana wasemaji wa serikali wataipenda.

Hatua ya 5: Kipimo cha Gallagher

Mwaka 1991 Michael Gallagher, wa Trinity College mjini Dublin, aliuliza swali la maana: je, pengo moja kubwa la pointi 12 ni sawa na mapengo kumi na mawili ya pointi moja moja? Loosemore na Hanby wanasema ni sawa. Gallagher akasema hapana, pengo kubwa lazima liume zaidi. Kipimo chake ndicho kinachotumika zaidi duniani leo, na ukisoma taarifa za kitaalamu kuhusu uchaguzi mara nyingi utakikuta humo.

Zidisha kila tofauti kwa yenyewe, ndiyo kipeo chake cha pili. Alama za kutoa zinajifuta hapo hapo.

ASP: 12.27 × 12.27 = 150.55
ZNP: 8.86 × 8.86 = 78.50
ZPPP: 3.41 × 3.41 = 11.63

Jumla ni 240.68. Gawanya kwa mbili upate 120.34. Tafuta kipeuo cha pili cha namba hiyo: 10.97.

Angalia kilichotokea katikati. Tofauti ya ASP ni kama mara tatu na nusu ya ile ya ZPPP, lakini baada ya kuzidisha imekuwa karibu mara kumi na tatu. ZPPP imechangia kidogo mno kwenye jibu. Ndivyo Gallagher alivyokusudia: vyama vidogo vingi vyenye nusu asilimia kila kimoja havitaweza kulipandisha jibu kwa wingi wao.

Kwenye Excel huna haja ya kuandika hatua zote. Kama vyama vyako viko mstari wa 2 hadi wa 4, andika:

=SQRT(SUMXMY2(D2:D4,E2:E4)/2)

Asilimia ziwe kwa mtindo wa 54.21, zisiwe 0.5421, la sivyo jibu lako litakuwa 0.1097 na utadhani Zanzibar ya 1963 ilikuwa Uholanzi, ambako viti hulingana na kura karibu kabisa.

Kuna kipimo cha tatu, chenye jina la Mfaransa André Sainte-Laguë. Hapo kila kipeo cha pili unakigawanya kwanza kwa asilimia ya kura za chama husika, ndipo unajumlisha, bila kipeuo mwishoni. Zanzibar inapata 6.14. Kitumie kama swali lako ni kupunjwa kwa vyama vidogo, maana pointi tatu kwa chama cha asilimia tano ni maisha na kifo, wakati kwa chama cha asilimia hamsini ni mikwaruzo tu. Kwa kazi za kawaida, Gallagher anatosha.

Hatua ya 6: Jiulize ingewezekana kufikia wapi

Viti 31 havigawanyiki kwa desimali. Hata mgawanyo wa haki kuliko wote hautakupa sifuri. Kwa hiyo, kabla ya kulaumu, tafuta sakafu: viti vingegawanywaje kama ungetumika uwakilishi wa uwiano, yaani kila chama kupewa viti kulingana na kura zake nchi nzima?

Njia rahisi ni ya mgawo na mabaki. Gawanya kura zote kwa viti vyote: 160,644 ÷ 31 = 5,182. Hiyo ndiyo bei ya kiti. Gawanya kura za kila chama kwa bei hiyo: ASP 16.81, ZNP 9.25, ZPPP 4.94. Namba nzima kwanza: 16, 9 na 4, jumla 29. Vimebaki viti viwili, navyo vinakwenda kwa wenye mabaki makubwa, ZPPP na ASP. Matokeo: ASP 17, ZNP 9, ZPPP 5.

Nimeijaribu pia njia ya D'Hondt, inayosifika kwa kuvipendelea vyama vikubwa, na ile ya Sainte-Laguë, isiyovipendelea. Zote zinatoa 17, 9 na 5. Njia hizo tatu hazikubaliani kila mara, na hapa zinatupa uhakika: kwa yoyote kati yake, ASP ingekuwa na viti 17 kati ya 31 na serikali ingekuwa yake peke yake. Gallagher wa mgawanyo huo ni 0.74. Hiyo ndiyo sakafu, na uchaguzi halisi ulikuwa na 10.97.

Hatua ya 7: Fanya jaribio la kupinduka

Hatua hii vitabu vingi vinaipita haraka, nami naiona ndiyo ya kwanza kwa uzito. Linganisha namba hizi mbili. Zanzibar 1963: Gallagher 10.97. Uingereza 2024: takriban 23.6, kutokana na Labour kupata asilimia 63 ya viti kwa asilimia 33.7 ya kura. Mtu akikuonyesha namba hizo bila maelezo, utasema Uingereza ndiyo iliyoharibikiwa zaidi.

Lakini Uingereza, chama kilichoongoza kwa kura ndicho kilichoongoza kwa viti. Kimevimbishwa, hakikupinduliwa. Zanzibar, wenye zaidi ya nusu ya kura walikaa nje na wenye asilimia 45.8 wakaunda serikali. Gallagher hana macho ya kuona hilo. Namba yake haina mwelekeo: haisemi nani alipunjwa wala nani alinufaika, wala kama mstari wa nusu ulivukwa.

Kwa hiyo kila unapotoa kipimo, jibu pia maswali mawili ya ndiyo au hapana. Je, chama kilichoongoza kwa kura ndicho kilichoongoza kwa viti? Je, waliounda serikali walikuwa na zaidi ya nusu ya kura? Zanzibar 1963, jibu la kwanza ni ndiyo, kwa kuwa ASP ilikuwa na viti vingi kuliko chama kingine chochote. La pili ni hapana. Kigugumizi kiko kwenye muungano, na muungano ndio unaotupeleka kwenye mtego unaofuata.

Ukiwahesabu ZNP na ZPPP kama upande mmoja, Gallagher anapanda kutoka 10.97 hadi 12.27, ilhali kipimo cha Loosemore na Hanby hakisogei, kinabaki 12.27. Kanuni ninayoifuata: kama vyama vimetangaza muungano kabla ya kura na kuachiana majimbo, fanya hesabu zote mbili na uonyeshe zote mbili. Kama wameungana baada ya matokeo, kila chama kihesabiwe peke yake.

Hatua ya 8: Tafuta pengo limetoka wapi

Namba ikishapatikana, kazi ya upelelezi ndiyo inaanza. Vyanzo vikubwa ni vitatu, na kila kimoja kina alama zake.

Cha kwanza ni *ukubwa wa majimbo*. Chukua Tanzania ya leo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, kati yao 1,889,773 wakiwa Zanzibar. Majimbo ya Bunge la Muungano kwa uchaguzi wa 2025 ni 272: Bara 222, Zanzibar 50. Jimbo la Bara lina wastani wa watu 269,600, la Zanzibar 37,800. Zanzibar ina asilimia 3.1 ya watu na asilimia 18.4 ya majimbo. Hesabu ni ile ile ya Hatua ya 4, ila badala ya vyama unaweka maeneo na badala ya kura unaweka idadi ya watu. Jibu ni pengo la pointi 15.3. Hilo si kosa la mchoraji ramani. Ni bei ya Muungano, ili mwenza mdogo asimezwe, na mtu anaweza kuiona halali kabisa. Lakini ukipima viti dhidi ya kura bila kulitaja, utakuwa umeficha nusu ya hadithi. Kenya wameliwekea mpaka kwenye Katiba, Ibara ya 89: idadi ya watu katika jimbo inaweza kupishana na wastani wa kitaifa kwa asilimia 40 kwenye miji na maeneo yenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko.

Cha pili ni *mrundikano wa kura*. Fikiria majimbo matatu yenye kura 1,000 kila moja. Chama A kinashinda la kwanza kwa 900 dhidi ya 100, na kinashindwa mawili kwa 450 dhidi ya 550. Kina kura 1,800 kati ya 3,000, yaani asilimia 60, na kiti kimoja kati ya vitatu. Majimbo ni sawa kwa ukubwa, hakuna aliyedanganya. Kura za A zimerundikana mahali pamoja, na zile 399 za ziada baada ya kupata ushindi hazikununua kitu. Hili ndilo linalotajwa sana kuhusu ASP: ushindi mkubwa mno kwenye ngome zake, na kushindwa kwa idadi ndogo kwingine.

Jinsi ya kutofautisha hivyo viwili: kwa kila chama, orodhesha majimbo kiliyoshinda, kisha tafuta wastani wa namba mbili, wapiga kura walioandikishwa kwa jimbo na asilimia ya mshindi. Kama chama kilichonufaika kimeshinda majimbo madogo, tatizo liko kwenye mipaka. Kama kimeshinda majimbo ya ukubwa ule ule kwa asilimia 52 huku mwenzake akishinda yake kwa asilimia 80, ni mrundikano. Mara nyingi utakuta vyote viwili vimechanganyika.

Cha tatu ni *kuachiana majimbo*. Mwaka 2015 Tanzania, CHADEMA kilipata karibu asilimia 32 ya kura za ubunge na CUF chini ya asilimia 9. Viti vya majimbo: CHADEMA 34, CUF 32. Ukiona hivyo kwa mara ya kwanza utadhani mwandishi kakosea. Lakini sehemu kubwa ya viti vya CUF vilitoka Zanzibar, kwenye majimbo madogo tuliyoyaona, na Bara vyama vya UKAWA, muungano wa upinzani ambao CHADEMA na CUF walikuwamo, viliachiana majimbo, kwa hiyo CUF hakikuwa na mgombea, na hivyo hakikuwa na kura, katika maeneo mengi. Chanzo cha kwanza na cha tatu vilikutana kwenye chama kimoja.

Mitego ya kwetu

*Viti maalumu.* Tanzania, viti maalumu vya wanawake hugawanywa kwa uwiano wa kura za ubunge kwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5. Mwaka 2015 CHADEMA kikaongezewa 36 na CUF 10, na ghafla uhusiano wa 34 kwa 32 ukawa 70 kwa 42. Kenya ni kinyume: viti 12 vya kuteuliwa vya Bunge la Kitaifa hufuata idadi ya viti ambavyo chama kimeshashinda, hivyo vinarudia upendeleo uliokwishakuwapo badala ya kuupunguza. Piga hesabu mara mbili, bila viti hivyo na pamoja navyo, na usichanganye jibu moja na jingine. Kumbuka pia kwamba viti maalumu vya Tanzania haviwafidii waliopunjwa majimboni. Aliyeshinda majimbo mengi kupita kiasi anapewa fungu lake kamili la viti maalumu juu yake.

*Waliopita bila kupingwa.* Tanganyika 1960, TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na 58 kati ya majimbo yote hayakuwa na upinzani. Majimbo 13 tu ndiyo yaliyopiga kura. Hapo Gallagher hana maana: unalinganisha viti vya nchi nzima na kura za sehemu ndogo ya nchi. Ondoa majimbo yasiyopigiwa kura pande zote mbili za hesabu, na useme wazi umeondoa mangapi. Yakizidi, tuseme, moja kati ya kumi, mimi huacha kutoa namba na kueleza kwa maneno.

*Wagombea binafsi.* Uganda ilipata wabunge binafsi 74 mwaka 2021. Usiwaweke kwenye kapu moja kama chama. Wana kura nyingi za wagombea walioshindwa na viti vya walioshinda, na hawana msimamo mmoja. Kila mmoja ahesabiwe peke yake. Ukishindwa, waache kwenye jumla ya kura, usiwaingize kwenye vipeo vya pili, na utaje hivyo.

*Kura moja.* Januari 1961 Zanzibar, ASP ilichukua jimbo la Chake Chake kwa tofauti ya kura moja. Matokeo ya jumla yalikuwa ASP 10, ZNP 9, ZPPP 3. Wabunge wa ZPPP wakagawanyika, wawili huku mmoja kule, ikawa 11 kwa 11 na uchaguzi ukabidi urudiwe Juni. Kwenye mabunge madogo, rudia hesabu yako ukihamisha jimbo moja au mawili yaliyokaribiana sana. Kama kipimo kinaruka kwa pointi tatu au nne, usikitangaze kwa desimali mbili kana kwamba ni uzito wa dhahabu.

Kuisoma namba

Hakuna mstari rasmi unaotenganisha haki na dhuluma, lakini mifano inasaidia kuweka jicho. Afrika Kusini, Mei 2024: ANC kilipata asilimia 40.18 ya kura na viti 159 kati ya 400, yaani asilimia 39.75. Gallagher wa uchaguzi ule yuko chini ya 1. Uholanzi huzunguka hapo hapo. Nchi za uwiano zenye kizingiti cha juu zaidi kwa vyama vidogo huwa kati ya 2 na 6 hivi. Za jimbo moja mbunge mmoja, kama za kwetu, huanzia hapo kwenda juu, na 10 hadi 15 ni jambo la kawaida.

Lesotho ya 1998 ilikwenda mbali: chama tawala, LCD, kilipata asilimia 60.7 ya kura na viti 79 kati ya 80. Pengo la chama hicho peke yake ni pointi 38. Wapinzani walilia wizi, majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia Septemba, na mji mkuu Maseru ukaungua. Tume iliyoongozwa na Jaji Pius Langa ilikuta kasoro za utendaji bila kuthibitisha kwamba kura ziliibwa. Karibu watu wanne kati ya kumi walikuwa wamekinyima LCD kura zao na wakabaki na mbunge mmoja, kwa kanuni zilizofuatwa. Wabasotho wakabadili kanuni zenyewe: mwaka 2002 bunge likawa na viti 120, 80 vya majimbo na 40 vya kufidia, vinavyotolewa hasa kwa vyama vilivyopunjwa majimboni. Linganisha na viti maalumu vya Tanzania hapo juu uone tofauti.

Kuandika matokeo yako

Taja kura ulizotumia, jumla yake, viti ulivyoviingiza na ulivyoviacha, miungano ulivyoihesabu, na vipimo angalau viwili pamoja na jaribio la kupinduka. Weka jedwali lenyewe, ili mwenye shaka ajumlishe mwenyewe. Kwa mfano wetu, aya nzima ingesomeka hivi:

"Zanzibar, Julai 1963: kura halali za vyama vitatu 160,644, viti 31, vyote vya majimbo. Loosemore na Hanby 12.27, Gallagher 10.97 vyama vikihesabiwa kimoja kimoja, 12.27 ZNP na ZPPP wakihesabiwa pamoja, kwa kuwa waliungana. Sakafu inayowezekana kwa viti 31 ni 0.74. Chama kilichoongoza kwa kura kiliongoza kwa viti. Waliounda serikali walikuwa na asilimia 45.8 ya kura na asilimia 58.1 ya viti. Mgawanyo wa uwiano ungetoa ASP 17, ZNP 9, ZPPP 5."